Jinsi ya Kuandaa Ibada Kubwa ya Wanafunzi Chuoni: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kikao cha Kwanza hadi Wiki Inayofuata

Umoja wowote wa wanafunzi Wakristo unaweza kujaza ukumbi mara moja. Tangazeni jina la mwimbaji maarufu, bandikeni mabango kwenye mabweni, watu watakuja. Kazi iko kwingine: watu mia nne waliokuja waabudu wenyewe, wasikae kutazama watu kumi na wawili wakiabudu jukwaani. Mwongozo huu umesimama hapo. Ibada ni ya waliokaa kwenye viti, na kila uamuzi mtakaofanya, kuanzia ukubwa wa spika hadi urefu wa matangazo, upimwe kwa swali hilo: je, unawasaidia wao kuimba, kusikia Neno, kuomba na kuitikia?

Kama mnadhani kupanga kunamzuia Roho Mtakatifu, someni 1 Wakorintho 14 yote kwa kikao kimoja. Paulo anaandika juu ya zamu za kunena, juu ya kutafsiri, juu ya mtu mmoja kunyamaza ili mwingine aseme, na anamkumbuka hata mgeni asiyeamini anayeingia katikati ya ibada na anayeweza kudhani waliomo wana wazimu. Sura inaisha kwa agizo la uzuri na utaratibu.

Hatua ya 1: Andikeni kusudi kwa sentensi moja

Fanyeni hivi kabla ya kutaja tarehe, mhubiri au wimbo. Kikao cha kwanza cha kamati kisiishe bila sentensi hiyo kuandikwa na kusomwa kwa sauti.

"Kumwinua Bwana na kuona utukufu wake" ni kusudi jema, lakini halitawasaidia mtakapobishana kama kwaya ziwe tatu au moja. Linganisheni na hili: "Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuja peke yake aondoke akiwa amesikia Luka 15 ikifafanuliwa, ameombewa akitaka, na anamjua kwa jina mtu mmoja wa kikundi cha Biblia cha bweni lake." Sentensi hii inaamua mambo mengi peke yake. Inawapa andiko. Inawaambia kwamba vijana wa mapokezi wana uzito sawa na wapiga vyombo. Inawazuia pia kumwalika mhubiri ambaye kila anapokwenda huhubiri mada yake ileile.

Ibada ya kupokea wanafunzi wapya, ibada ya injili kwa wasioamini, kesha la maombi na ibada ya kuwaaga wanaomaliza ni vitu vinne tofauti. Msijaribu kuviweka vyote katika jioni moja.

Hatua ya 2: Tarehe na ruhusa

Anzeni wiki 12 kabla kama mnaweza, 8 kama hamna budi. Chukueni kalenda ya chuo na mfute kwanza tarehe zisizowezekana: wiki mbili kabla ya mitihani, wikiendi ndefu, siku za michezo mikubwa ya chuo. Wiki za kwanza za mwaka wa masomo zina thamani ya pekee, kwa sababu ndizo wanafunzi wapya wanachagua marafiki na mazoea. Ibada nzuri ya wiki ya tisa haiwezi kurudisha watu mliowakosa wiki ya pili.

Ruhusa iwe ya maandishi. Barua itaje saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watu mnaotarajia, vyombo vya sauti, na kama kutakuwa na wageni kutoka nje ya chuo. Mlezi wa umoja aione kabla haijafika ofisi ya wanafunzi. Mkiambiwa kelele mwisho saa 4 usiku, basi saa 3:45 spika ziwe zimezimwa. Ushuhuda wenu kwa mlinzi na kwa anayesoma maktaba jirani ni sehemu ya ibada hiyohiyo.

Hatua ya 3: Gawanyeni kazi, kila mtu moja

Matendo 6 inajulikana: huduma ya meza ilikuwa inalalamikiwa, wakachaguliwa saba. Kwa ibada ya chuo, wakuu wa idara saba wanatosha pia: maombi, sifa, mitambo, mapokezi, mawasiliano, fedha, na ufuatiliaji. Juu yao awepo mratibu mmoja.

Mratibu huyo siku ya ibada asihubiri, asiimbe, asiongoze, asishike maikrofoni kabisa. Hili hupuuzwa sana, kwa kuwa mwenye kipaji cha kupanga mara nyingi ndiye mwenye kipaji cha kuongoza. Lakini atakayekuwa jukwaani hawezi kuona kwamba mlango wa kushoto umefungwa na watu thelathini wamesimama nje.

Mkuu wa ufuatiliaji ateuliwe siku ya kwanza kama wengine. Umoja unaomkumbuka wiki ya mwisho hupata watu waliookoka ambao hakuna anayejua wanakaa bweni gani.

Idara ya maombi nayo isiwe ya kufungulia na kufungia vikao. Ipewe majina ya wahusika, andiko la siku na ratiba, iombe kwa kutaja, wiki kwa wiki.

Hatua ya 4: Ukumbi

Chagueni ukumbi ambao idadi yenu ya kawaida itajaza robo tatu ya viti. Watu 150 katika ukumbi wa 200 huimba. Watu hao hao katika ukumbi wa 800 hukaa nyuma, wametawanyika, kila mmoja akiisikia sauti yake peke yake na kuionea haya. Kama hakuna ukumbi mdogo, fungeni safu za nyuma kwa kamba na msizifungue hadi za mbele zijae.

Nendeni mkaukague saa ileile ibada itakapofanyika. Jua la jioni linaweza kupiga moja kwa moja kwenye skrini. Hesabuni soketi na ulizeni zipi ziko kwenye laini moja. Jaribuni milango yote ya dharura kwa mkono. Mlango wenye kufuli ni ukuta. Angalieni mwenye kiti cha magurudumu atapita wapi na atakaa wapi, na asiwekwe pembeni peke yake. Viziwi wakiwepo chuoni, mkalimani wa lugha ya alama asimame mahali penye mwanga, si kwenye giza la taa za rangi.

Hatua ya 5: Mhubiri

Mwiteni mapema, na mpeni andiko. Barua ya mwaliko isiishie kwenye "tunakualika kuhudumu." Iseme wazi, kwa mfano:

"Mchungaji, tunakuomba ufundishe Luka 15:11–32 kwa dakika 30. Wasikilizaji watakuwa wanafunzi wapatao 300, wengi wa mwaka wa kwanza, wa madhehebu mbalimbali, na baadhi hawajaamini. Baada ya ujumbe tutakuwa na dakika 10 za kuitikia, ambazo tungependa uziongoze wewe. Sadaka itachukuliwa na umoja kabla ya mahubiri, kwa hiyo hatutaomba mchango mwingine."

Sentensi ile ya mwisho inawaepusha na aibu kubwa. Mambo mengine yaliyo magumu kusema mbele ya mtumishi wa Mungu aliyekuzidi umri husemeka kwa urahisi kwenye barua: nani atamsafirisha, posho ni kiasi gani, saa ngapi atapewa maikrofoni na saa ngapi atairudisha. Siku tatu kabla, kijana mmoja aliyeteuliwa ampigie simu, amsalimu, arudie saa na mada. Asiteuliwe yule anayeogopa wakubwa.

Hatua ya 6: Tofauti za madhehebu zimalizwe mezani

Umoja wa chuo ni wa watu waliolelewa makanisa mengi. Mmoja amezoea liturujia na ukimya, mwingine amezoea maombi ya sauti kwa pamoja, wa tatu hajawahi kuimba kwa ngoma. Msipozungumza kabla, mtazungumza baada, na kwa hasira.

Kamati ikae ijibu haya: Maombi ya pamoja kwa sauti yatakuwepo, na kwa muda gani? Kunena kwa lugha hadharani kutaongozwa vipi? Meza ya Bwana itashirikiwa, au hilo linaachiwa makanisa? Mtu akitaka kutoa unabii jukwaani, anapitia kwa nani? Watu wataalikwa kuinua mikono, au wataamriwa?

Hilo la mwisho ni dogo kwa sura, na ndilo linalowaumiza wengi. "Kama hujainua mikono hujamwona Bwana" ni kauli ya kumfukuza mtu. Mwongoza ibada aseme, "Ukipenda, simama, ukipenda, kaa," kisha asonge mbele. Mimi huona ibada ya umoja inapaswa kubeba kile ambacho wote wanaungama: Maandiko, zaburi, sala ya Bwana, kukiri imani, nyimbo za msalaba. Yaliyo ya pekee kwa kanisa moja yana nafasi yake kanisani humo Jumapili.

Lugha nayo ni tofauti ya aina hiyo. Ukumbi ukiwa na wasioelewa lugha kuu, wekeni mkalimani, mpeni mhubiri taarifa, na mkate muda wa mahubiri, kwa kuwa dakika 30 zenye tafsiri ya sentensi kwa sentensi huzaa ujumbe wa dakika 15.

Hatua ya 7: Nyimbo

Nyimbo tano au sita zinatosha kwa jioni nzima. Chagueni baada ya kusoma andiko, na soma maneno ya kila wimbo bila tuni, kama shairi. Ukisomwa hivyo na hausemi kitu, tuni haitauokoa. Tazameni pia kama nyimbo zote zinasema "mimi". Kusanyiko linahitaji na "sisi," na linahitaji zaidi nyimbo zinazomtaja Mungu na matendo yake.

Wimbo mpya uwe mmoja tu. Ufundisheni: kiongozi aimbe kiitikio peke yake mara moja, watu warudie mara mbili, ndipo vyombo viingie. Uimbwe tena ibada inayofuata, ukae.

Sasa ufunguo, yaani wimbo uanzishwe juu au chini kiasi gani, jambo linaloua uimbaji kuliko lolote. Waimbaji wenye vipaji hupenda kupanda juu kwa sababu huko ndiko sauti zao zinang'aa. Mtu wa kawaida huimba kwa raha kati ya noti ya A na D iliyo juu ya oktava moja kutoka hapo, wanaume oktava moja chini ya wanawake. Noti ya juu kabisa ya wimbo ikiwa D, wote wapo. Ikifika E, wengine wanaanza kunong'ona. Ikipita F, mnaimba wenyewe. Shusheni ufunguo, hata kama kiongozi wa sifa atalalamika kwamba wimbo "umepoa." Kupandisha ufunguo mara tatu mfululizo mwishoni nako ni starehe ya jukwaani, ukumbi hubaki nyuma tangu mara ya pili.

Kipimo changu cha timu ya sifa ni hiki: katikati ya wimbo unaojulikana, vyombo vyote vinyamaze ubeti mmoja. Kama sauti ya ukumbi inabaki imesimama, watu walikuwa wanaimba. Kama kunazama ghafla, mlikuwa mnawafunika. Pangeni ubeti kama huo katika kila ibada. Watu hupenda kujisikia, na ndivyo Wakolosai 3:16 inavyofanya kazi, waamini wakifundishana kwa zaburi na tenzi.

Maombi ya "nafasi ya wimbo maalumu" yatamiminika: kwaya, vikundi, mwimbaji mmoja mwenye CD ya muziki bila maneno. Toeni nafasi moja, na mgawe zamu kwa muhula mzima ili asiwepo wa kusema amebaguliwa. Na kama mnaonyesha maneno kwenye skrini au mnarusha ibada mtandaoni, nyimbo nyingi za sasa zina wenyewe. Kuna leseni za makanisa na huduma, kama zile za CCLI, shirika linalotoa leseni za nyimbo kwa makanisa, ambazo zinashughulikia hili. Ulizeni chuo kama tayari kinayo.

Hatua ya 8: Ratiba ya dakika

Hii ndiyo karatasi muhimu kuliko zote. Iwe na safu nne: saa, tendo, nani, na maikrofoni ipi. Mfano wa ibada ya dakika 95:

- Dakika 10 kabla: kinanda peke yake, taratibu, skrini inaonyesha neno la kukaribisha
- 0: Zaburi 100 inasomwa na wanafunzi wawili kwa kupokezana, bila salamu wala utangulizi
- 2: nyimbo tatu
- 20: sala ya toba, pamoja na dakika moja ya ukimya
- 24: kukaribisha wageni, watu kusalimiana
- 29: ushuhuda mmoja
- 34: wimbo na sadaka
- 40: Luka 15:11–32 inasomwa yote
- 44: mahubiri
- 74: kuitikia, maombi
- 84: nyimbo mbili
- 92: matangazo mawili, baraka
- 95: mwisho, washauri wanabaki mbele

Ushuhuda uandikwe na usomwe na kiongozi siku mbili kabla. Mtu akipewa maikrofoni bila maandalizi, dakika 5 huwa 17, na dhambi za zamani husimuliwa kwa urefu kuliko neema. Matangazo yawe mawili. Mengine yako kwenye simu za watu tayari.

Makosa mengi hayatokei ndani ya vipengele. Hutokea katikati yake. Wimbo umeisha vizuri, watu wametulia. Mpiga gitaa anachomoa kebo, spika zinalia "pwaa!" Mwongoza ibada yuko mlango wa nyuma anaongea na mtu, anakimbia kwenda mbele. Maikrofoni aliyoachiwa imezimwa. "Haloo, haloo… Bwana asifiwe… mnanisikia huko nyuma?" Sekunde arobaini tu, na kila mtu ameshatoa simu mfukoni.

Dawa ni ndogo. Atakayefuata akae safu ya mbele tangu wimbo uliotangulia. Wapiga vyombo wasichomoe kitu hadi msomaji wa andiko awe amemaliza, na hata hapo wangoje ishara ya fundi kwamba amefunga laini yao. Msomaji aende mahali pake wakati ubeti wa mwisho unaimbwa, aanze kusoma sauti ya mwisho inapozimika. Fanyeni mazoezi ya hizi pindo peke yake: sekunde 20 za mwisho za kila kipengele na 20 za kwanza za kinachofuata. Nusu saa inatosha, na itawafaa kuliko kurudia nyimbo mara ya nne.

Hatua ya 9: Sauti na skrini

Sauti kubwa si sauti wazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022 kwa kumbi za burudani, liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100, na hiyo ni kumbi za muziki. Kwa ibada nendeni chini zaidi. Kanuni ya afya kazini ni kwamba sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1. Programu ya simu inatosha kukupa kadirio. Lakini kipimo rahisi ni kusimama katikati ya ukumbi na kujaribu kumsikia jirani yako akiimba. Usipomsikia, punguzeni.

Spika kuu ziwe mbele ya maikrofoni, zimeelekea watu, ziinuliwe juu ya vichwa. Zikiwa nyuma ya waimbaji, maikrofoni hunasa sauti ya spika na mluzi hauishi. Maikrofoni ishikwe upana wa vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, na kiganja kisifunike kichwa chake kama wafanyavyo wasanii, kwani ndio mwanzo wa mluzi mwingine. Katika ukumbi mrefu, spika za nyuma zinahitaji kucheleweshwa kidogo: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 34 kutoka jukwaani hupokea sauti ya mbele sehemu ya kumi ya sekunde baada ya ile ya spika iliyo jirani naye, na maneno hugongana. Fundi anayejua kazi atarekebisha kwa mitambo. Asiyejua, afadhali azime za nyuma.

Vyombo vifungwe na kupimwa saa mbili kabla, kisha dakika 40 kabla ya ibada jukwaa liwe kimya. Mgeni wa kwanza asikute "cheki, cheki, moja, mbili."

Skrini: mistari miwili hadi minne, herufi kubwa, rangi nyeupe juu ya giza, bila picha za mawimbi zinazocheza nyuma ya maneno. Anayebadilisha slaidi awe anaujua wimbo, na abadilishe watu wakiwa kwenye neno la mwisho la mstari. Aliyezoea kusubiri mstari uishe huwaacha watu mia tatu midomo wazi. Wekeni faili kwenye kompyuta mbili. Umeme ukikatika, muwe mmekubaliana tangu awali wimbo upi utaimbwa gizani na nani ataanzisha.

Hatua ya 10: Mlangoni

Mwanafunzi aliyekuja peke yake huamua kama atarudi katika dakika kumi za kwanza, kabla wimbo haujaanza. Anafika mapema mno, anaona vikundi vya marafiki wakicheka, anatafuta kiti cha pembeni, anajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Wekeni watu wanne kazi yao ikiwa huyo tu. Wasivae beji kubwa. Wakae naye, waulize anasoma nini, wamtambulishe kwa mtu wa kozi yake au bweni lake, wakae naye hadi mwisho.

Msiwasimamishe wageni mmoja mmoja wajitambulishe kwenye maikrofoni. Wachache wanaipenda. Kadi au fomu ya simu yenye jina, namba, bweni, na kisanduku cha "ningependa kuzungumza na mtu" inatosha, na mkusanyaji wa taarifa hizo awe mmoja. Namba za wasichana zisizunguke kwenye makundi ya simu.

Hatua ya 11: Fedha

Kwa ufupi. Bajeti iandikwe kabla ya ahadi yoyote kutolewa, na akiba ya asilimia 10. Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, mahali panapoonekana, waandike, wasaini, iwekwe benki siku inayofuata. Taarifa isomwe kwa wanachama ndani ya wiki mbili.

Hatua ya 12: Siku yenyewe

Timu nzima ikutane saa moja na nusu kabla. Ratiba ipitiwe mstari kwa mstari, kisha maombi, kisha kila mtu kwake. Muanze kwa wakati mliotangaza hata kama nusu ya viti ni vitupu. Mkisubiri waliochelewa, mnawafundisha waliowahi kwamba wakati ujao nao wachelewe.

Mambo mawili yanaweza kuvuruga mpango, na yote yana historia. La kwanza ni fujo. Novemba 1882, mwinjilisti Mmarekani D. L. Moody alipohubiri kwa wanafunzi wa Cambridge, Uingereza, usiku wa kwanza walimzomea na kumkebehi, yeye na Ira Sankey aliyeimba. Hakufunga mkutano wala kuwatukana. Aliendelea usiku uliofuata, na kabla ya wiki kuisha wengi walikuwa wakimsikiliza, baadhi ya wale wazomeaji wakiwamo. Kwenu, mratibu awe na watu wawili watulivu wa kwenda kukaa karibu na wanaopiga kelele na kuzungumza nao kwa upole. Jukwaa lisijibizane nao.

La pili ni ibada kutotaka kuisha. Tarehe 8 Februari 2023, ibada ya kawaida ya chuo ya Jumatano katika Chuo Kikuu cha Asbury, Kentucky, Marekani, ilimalizika na wanafunzi wachache wakabaki wakiomba na kuimba. Iliendelea kwa zaidi ya wiki mbili, maelfu kwa maelfu wakimiminika katika mji mdogo wenye ukumbi wa viti 1,500 hivi. Uongozi wa chuo ulilazimika kupanga foleni, kufungua kumbi za ziada, kutenga nafasi kwa vijana, na hatimaye kutangaza mwisho wa mikutano ya hadhara. Jukwaa lilibaki la kawaida, bila majina makubwa. Ninachokiona hapo ni kwamba uamsho nao unahitaji wahudumu wa mlangoni. Basi amueni mapema nani ana mamlaka ya kuongeza muda, kwa dakika ngapi, na mpaka wa ruhusa ya chuo uko wapi. Mkifika mpaka, toeni baraka, funga vyombo, na wanaotaka kuomba waelekezwe chumba kingine mlichokiombea kibali.

Hatua ya 13: Wito, na wanaobaki mbele

Wito uwe wazi kiasi kwamba anayesimama anajua anasimamia nini. "Kila anayetaka Mungu ambariki asimame" utainua ukumbi mzima na hautawaambia lolote. Msiendelee kupiga kinanda na kurudia mwito hadi mtu aone haya kubaki amekaa. Sema mara moja, toa ukimya, omba.

Washauri wawe wamefundishwa kabla, angalau vikao viwili. Wanaume wahudumie wanaume, wanawake wanawake, wawili wawili, mahali panapoonekana, pasipo kufunga mlango. Wasikilize kwanza. Anayetumia dawa za hospitali asiambiwe aache kwa sababu ameombewa. Anayesema anataka kujiua, au kwamba anadhulumiwa, asiachwe peke yake hata kidogo. Mshauri amwite mara moja kiongozi aliyepangwa, ambaye ana namba za mshauri nasaha wa chuo na zahanati. Kuahidi "hili ni siri yetu tu" katika hali hiyo ni kosa la hatari.

Mtu akianguka, aliyesomea huduma ya kwanza ndiye wa kwanza kumfikia. Huenda ni kifafa, huenda hajala tangu jana, huenda ni joto. Asirekodiwe na simu ya mtu yeyote.

Hatua ya 14: Siku saba zinazofuata

Ndani ya saa 48 kila aliyejaza kadi apate ujumbe kutoka kwa mtu mwenye jina, si kutoka kwa "Umoja." Ujumbe ni mfupi: "Habari Neema, mimi ni Rehema, tulikaa safu moja Ijumaa. Kikundi chetu cha Biblia hukutana Jumatano jioni bwenini kwenu. Nikupitie?" Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi. Asiyejibu aandikiwe mara moja tu tena, kisha aachwe kwa amani.

Siku ya tatu au ya nne kamati ikutane, wakati kumbukumbu bado ni mbichi na uchovu umepungua. Msianze na idadi ya waliohudhuria. Rudini kwenye ile sentensi ya hatua ya 1 mkaulize ilitimia kwa kiasi gani. Watafuteni wanafunzi watano wasio wa kamati, mmojawapo awe ametoka katikati ya ibada, muwaulize walichosikia, walichoshindwa kuimba, na walipochoka. Wapeni hati za shukrani mhubiri, fundi na yule mtunza ukumbi aliyefungua mlango mapema.

Kisha katibu akusanye jalada: sentensi ya kusudi, ratiba iliyoandikwa kwa kalamu muda halisi pembeni ya muda uliopangwa, orodha ya nyimbo na funguo zake, nakala za barua za ruhusa, mchoro wa mahali spika zilipowekwa, bajeti na matumizi. Likabidhiwe kwa uongozi mpya kabla wa sasa hawajaingia kwenye mitihani ya mwisho.